Kabla ya kuhamisha jamaa yako kwenda Idjwi

Katika miaka hii ya vita jamaa nyingi za pembeni ya Ziwa Kivu zimegeuza macho upande wa maji. Ukisimama Kalehe au Katana siku isiyo na ukungu, kisiwa cha Idjwi kiko mbele yako na vilima vyake vya kijani, migomba na moshi wa jikoni. Kinaonekana kama mahali ambapo mambo ya bara hayafiki. Mwaka 2025, vita vilipofika Minova, kisha Goma na Bukavu, wako waliovuka na watoto na magodoro. Wengine bado wanapima. Maneno yafuatayo ni kwa hao wanaopima, na pia kwa makanisa yanayowasindikiza au kuwapokea.

Tuseme jambo kubwa mapema. Idjwi ni mahali pazuri pa kulea watoto, lakini si mahali patupu. Wengi huuliza kwanza bei ya boti. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: mkifika, mtalima udongo wa nani, na kwa ruhusa gani?

Kisiwa hiki ni cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe kule Tanzania. Kina urefu wa kama kilomita 40, na eneo lake hutajwa kuwa kama kilomita za mraba 340. Juu yake wanaishi watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 au zaidi, na karibu wote wanategemea jembe na nyavu. Gawanya mwenyewe: ni watu zaidi ya 700 kwa kila kilomita ya mraba, na hapo tumehesabu pia miteremko mikali, mashamba makubwa ya wenye nacho, na kilima cha Nyamusisi ambacho hakuna anayepanda maharagi kileleni. Vijijini hapa kwetu hakuna sehemu nyingi zilizobanana namna hiyo. Mtu anayetoka sehemu za Walikale, ambako msitu bado ni mkubwa, atashangaa kuona shamba la jirani linaanzia kwenye ukuta wa choo chake.

Tukumbuke tena kwamba watu wa Idjwi nao ni uzao wa wahamiaji. Wambuti ndio wanaotambuliwa kuwa wa kwanza. Baadaye zilikuja koo za wakulima kutoka bara, upande wa magharibi na upande wa mashariki ambako leo ni Rwanda, zikakata msitu na kulima. Ukoo wa kifalme wa Basibula ulifika mwanzoni mwa karne ya 19. Leo kisiwa kina bami wawili: kaskazini ni cheferi ya Rubenga, kusini ni cheferi ya Ntambuka. Juu yao iko serikali ya teritware, yenye makao Bugarula, katika jimbo la Kivu Kusini. Mhamiaji anapaswa kujua anashukia upande upi, kwa sababu ruhusa ya upande mmoja haimfungulii mlango wa upande mwingine.

Sasa tufike kwenye shamba lenyewe. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serikali, na hati inayomlinda mtu mbele ya hakimu ni cheti cha usajili kinachotolewa na ofisi ya ardhi. Lakini kijijini, jembe linafuata desturi. Kwa Wahavu, kama kwa Washi, kuna namna mbili ambazo mgeni lazima azitofautishe. Ya kwanza ni kalinzi. Mtu anampa mwami, au chefu aliye chini yake, zawadi ya heshima, zamani ng'ombe au mbuzi, naye anapata shamba la kukaa na kurithisha watoto wake. Ya pili ni bwasa. Hapo unakodi kipande kwa msimu au kwa mwaka, kwa feza, kwa sehemu ya mavuno au kwa siku za kazi, kisha unakirudisha.

Kwa wingi wa watu ulivyo, mgeni wa leo karibu kila mara ataangukia kwenye bwasa, hata kama yule anayemkodisha anaongea kwa maneno matamu ya kalinzi. Na bwasa ina kanuni ambayo watu wa mjini hawaijui: hupandi mti. Maharagi, viazi vitamu, mahindi, hayo ni sawa. Lakini mgomba, kahawa, avokado, hata mti wa mbao, ni alama ya umiliki. Ukipanda mgomba kwenye shamba la bwasa, mwenye shamba ataelewa kwamba unataka kumnyang'anya, na hapo ugomvi umekwisha kuzaliwa. Kwa hiyo jamaa inayokuja na ndoto ya shamba dogo la migomba na kahawa kandokando ya nyumba ijue kwamba ndoto hiyo inahitaji ardhi ya kudumu, na ardhi ya kudumu katika Idjwi ni ghali na ni chache.

Ukibahatika kuipata, fanya mambo haya bila aibu. Tembea mipaka pamoja na majirani wote wanaopakana nawe, si pamoja na muuzaji peke yake. Uliza ndugu za muuzaji, hasa wale wanaoishi bara au ng'ambo, maana shamba la baba huwa na warithi wengi na mmoja akiuza mwingine hurudi baada ya miaka kudai. Andikeni karatasi mbele ya chefu na mashahidi, na ianzishe safari ya kwenda kwenye cheti cha usajili. Karatasi ya chefu peke yake ni mwanzo tu.

Na jina la mke liandikwe. Hapa nasimama kidogo, kwa kuwa naona kanisa linanyamaza kupita kiasi. Katika desturi zetu za Kivu shamba hufuata mwanaume. Jamaa iliyohamia ikimpoteza baba, mama hana ukoo wake pale kisiwani wa kumtetea, na ndugu za marehemu wako bara. Tunasoma habari za Elimeleki aliyehamisha mke na wana wawili kwenda Moabu kwa ajili ya njaa, akafia huko, na tunakihubiri kitabu cha Ruthu kama habari ya ndoa. Lakini mlangoni pa mji, katika sura ya mwisho, wazee wanakaa kuzungumza juu ya shamba la marehemu. Idjwi imewajua wajane wengi wa namna hiyo. Kwa miaka mingi wanaume walibeba kahawa usiku kwa mitumbwi hadi Rwanda, ambako bei ilikuwa bora, na wengi walizama. Vyama vya ushirika na vituo vya kuosha kahawa vilivyoanzishwa katika miaka ya 2010 viliwasaidia wakulima kuuza nyumbani, lakini mhamiaji asiye na shamba bado atashawishiwa na kazi za magendo za usiku. Mpaka wa Rwanda unapita majini, mashariki mwa kisiwa, na hauna ukuta wa kuonyesha umefika wapi.

Kuna jambo la pili juu ya ardhi, nalo ni chungu. Wambuti wa Idjwi walipoteza msitu wao wa Nyamusisi, na wengi wao leo wanaishi karibu na maji kwenye vipande vidogo ambavyo wanaweza kuondolewa wakati wowote. Wanafinyanga vyungu, wanafanya kibarua kwenye mashamba ya wengine. Mwenye shamba akipata mhamiaji mwenye feza kidogo mkononi, anayeondolewa mara nyingi ni yule asiye na karatasi wala mtetezi. Ukionyeshwa kiwanja “kisicho na mtu” na ukaona mabaki ya kibanda au majivu ya jiko, uliza nani alikuwa pale. Swali hilo ni halali kabisa, na mzee wa kanisa anayekusindikiza anapaswa kulirudia kama wewe unaogopa.

Kwa sababu hizo zote, asiende mtu na watoto mara ya kwanza. Baba au mama atangulie, akae juma mbili au tatu kwa mwenyeji, aone. Kama kinachowakimbiza ni risasi, bila shaka hamtakuwa na juma mbili. Hapo ombeni hifadhi ya muda, na mseme wazi kwamba ni ya muda. Mwenyeji anayejua unakaa miezi mitatu atakugawia chumba na sombe kwa moyo mweupe. Mwenyeji asiyejua utaondoka lini atanza kuhesabu majani.

Wakati mzuri wa kuhama, kwa mwenye nafasi ya kuchagua, ni Julai au Agosti. Kilimo chetu kina misimu miwili mikubwa. Ule unaopandwa Septemba huvunwa kuelekea Januari, na ule unaopandwa Februari na Machi huvunwa Juni na Julai. Ukifika Agosti unakuta chakula kimeshuka bei, unapata muda wa kutafuta bwasa na kutayarisha udongo kabla ya mvua, na watoto wanaanza mwaka wa masomo Septemba pamoja na wenzao. Ukifika Oktoba, umekosa msimu, na utanunua chakula hadi Januari. Jamaa ya watu saba inayonunua kila sahani kwa miezi mitatu humaliza akiba yake kabla ya kuvuna debe la kwanza.

Sasa maji. Ziwa Kivu halina mamba wala viboko, na jambo hilo huwadanganya watu kuwa ni ziwa pole. Lina kina kinachokaribia mita 480, na upepo wake hubadilika upesi, hasa mchana ukisogea na usiku. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe na watu kama 150 wakatoweka. Baada ya hapo Rais Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jile ya kuelea. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti nyingine iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa tayari wanaona nchi kavu, na makumi walikufa. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Hizo hazikuwa ajali za mawimbi peke yake. Ni ajali za hesabu, za mtu anayesema “wanatosha bado wawili.”

Basi vukeni asubuhi. Usipande boti ambayo ukingo wake umekaribia maji, hata kama nauli umekwisha lipa. Feza ya nauli hutafutwa tena. Hakikisha majina yenu yote, pamoja na ya mtoto mchanga, yameandikwa kwenye orodha ya abiria, maana boti isiyo na orodha ikizama hakuna anayejua atafute wangapi. Jile ya mtu mzima haimsaidii mtoto: akianguka majini humtoka kwa juu ya kichwa. Tafuteni ya kipimo chake, yenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Kama mnaweza, mizigo isafiri siku nyingine. Magunia, magodoro, mabati na watoto katika boti moja ni mzigo wa boti mbili.

Wengine huogopa gesi ya ziwa. Ni kweli kwamba katika vilindi vyake mna gesi nyingi ya metani na ya kaboni, lakini iko chini sana, na maisha ya kila siku kisiwani hayaiguswi. Mazuku yale yanayoua mbuzi na watu ni ya mabondeni upande wa Goma na Sake, karibu na volkano. Idjwi ni mwamba wa kale, si ardhi ya lava.

Maji ya kunywa ndiyo ya kuogopa zaidi. Kipindupindu ni mgeni wa mara kwa mara katika vijiji vya pembeni ya Kivu, na wanaokunywa ziwa moja kwa moja ndio wa kwanza kuugua. Tafuta chemchemi iliyotengenezwa, na kama maji ni ya ziwa, chemsha au tia dawa ya klorini. Kuchemsha kunahitaji kuni, na kuni katika kisiwa kilichokatwa msitu ni tabu. Weka hesabu ya makaa katika bajeti yako, usiseme “tutaokota.” Chandarua pia usiache, malaria iko.

Kuna habari moja ya afya ambayo wazee wa Idjwi wanaijua vizuri kuliko vijana. Kisiwa hiki kilijulikana kwa waganga wa dunia nzima kwa sababu ya ugonjwa wa tezi ya shingo, ule uvimbe unaoning'inia kooni. Katika miaka ya 1960 watafiti waliona kwamba watu wa kaskazini waliugua sana kuliko watu wa sehemu ya kusini-magharibi, ingawa madini ya iodini yalikosekana pande zote mbili. Tofauti waliikuta katika chakula, hasa muhogo. Muhogo usiotayarishwa vizuri huacha sumu kidogo ambayo, ikiingia mwilini, inazuia tezi kutumia ile iodini chache iliyopo. Ubaya mkubwa si uvimbe wenyewe. Ni kwamba mama mjamzito mwenye upungufu huo anaweza kuzaa mtoto asiyekua vizuri, mzito wa kusikia na wa kuelewa. Dawa yake ni nyepesi: nunua chumvi yenye iodini, ile ya pakiti iliyoandikwa hivyo, uihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, uitie chakula kikiwa karibu kuiva. Na muhogo mchungu uloweke siku tatu hadi ulainike, uanike vizuri, usifupishe siku kwa sababu ya haraka ya kuuza unga. Msichana aliyekulia Goma, ambako unga hununuliwa tayari, huenda hajafundishwa jambo hili. Mama mkwe, usimcheke, mfundishe.

Kwa ugonjwa mkubwa kuna hospitali kuu ya Monvu, upande wa kusini, na vituo vya afya vijijini. Lakini kesi zinazohitaji madaktari wa upasuaji maalum huvuka kwenda bara, na usiku wa dhoruba hazivuki. Mwanamke aliyewahi kuzaa kwa kupasuliwa, au mwenye mimba ya mapacha, asikae kijiji cha mbali katika mwezi wa mwisho. Mwenye kisukari au presha aende na dawa za miezi miwili angalau.

Masomo hayana shida kubwa. Programu ni ile ile ya taifa, shule za msingi za kanisa na za Serikali ziko, na darasa la msingi ni bure kwa tangazo la 2019, ijapokuwa kila mzazi anajua kwamba “bure” ina madaftari, sare na michango. Beba buletini zenye muhuri na vyeti vya kuzaliwa. Watoto watakuta wenzao wanacheza kwa Kihavu. Waacheni wajifunze, kwa miezi sita watakuwa wanawatafsiria ninyi sokoni.

Kazi isiyo ya shamba ipo kidogo. Fundi cherehani, fundi wa simu, seremala, mwenye kujua kufunga paneli za sola wanaweza kula, kwa sababu umeme wa nyaya si wa kutegemea na jua ni la wote. Uvuvi wa sambaza unaonekana rahisi kutoka pwani: mitumbwi mitatu iliyounganishwa, taa, nyimbo za usiku. Samaki hao wenyewe ni wahamiaji, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini nyavu na taa ni mtaji, timu zina watu wake, na mtu asiyejua ziwa hapewi nafasi ya kwanza. Anza na biashara ndogo ya vitu ambavyo kisiwa hakizalishi, kama sabuni, chumvi na mafuta. Nanasi na ndizi usizipeleke. Huko ndiko zinakotoka.

Mwisho, habari ya kanisa na karatasi. Usihame kimya. Mwambie mchungaji wako, akupe barua inayosema wewe ni nani, jamaa yako ni watu wangapi, ulikuwa na huduma gani, na kwa nini unahama. Barua hiyo siyo kitambulisho cha serikali, na siku ile ile unapofika unapaswa pia kujionyesha kwa chefu wa kijiji na kadi yako ya mchaguzi. Lakini katika nyakati ambapo kila mgeni anashukiwa kuwa ametumwa na mtu, kusimama mbele ya kusanyiko na barua yenye muhuri kunafungua milango ambayo feza haifungui. Kanisa linalopokea nalo lisigawe ahadi za mashamba ambayo si yake. Ligawe kinachowezekana: chumba cha mwezi mmoja, mbegu za kuanzia, mzee wa kumsindikiza mgeni kwa chefu, na shirika la akina mama kumwonyesha mama mpya chemchemi iliyo salama.

Na parsele mliyoiacha bara, msiiache bila mtu. Andikeni kwa jina nani anailinda, kwa muda gani, na kwamba hakuuziwa. Kisha piga picha za karatasi zote, za parsele, za vyeti, za buletini, zitume kwa ndugu mmoja wa kuaminika, na nakala moja iachwe kwa mchungaji. Zile za asili zifungwe vizuri ndani ya plastiki, zivuke na mtu mzima aliyevaa jile, si ndani ya gunia la vyombo.